Kivuli Upande wa Kulia

Swali la kwanza lilikuwa dogo. Jumamosi moja asubuhi mpiga chapa wa duka la vifaa vya ofisi pale Makambako alinivuta mkono wa koti, akaelekeza kidole kwenye skrini ya kompyuta na kuniuliza, "Mwalimu, hiyo ni tatu au nane?"

Niliinama, nikatazama. "Nane," nikasema.

Akabonyeza. Printa ikalia kama cherehani, karatasi ikatoka. Ilikuwa tatu.

Tulicheka wote wawili, nikarudi kwenye kazi yangu. Sikujua kwamba kucheka kwake kulikuwa kwa mdomo tu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Njombe na nilipanga chumba Mjimwema. Jumamosi nilipanda gari kwenda Makambako kuitazama kompyuta ya duka hilo, kwa sababu mwenye duka aliamini kwamba anayefundisha umeme hawezi kushindwa na kitu chenye waya. Nilikuwa nimejifunza kompyuta kutoka kwenye kitabu kimoja kilichochanika jalada. Kwa viwango vya siku zile, hilo lilitosha kuitwa mtaalamu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, redio, nguo, magari, na mtu aliyeuza matairi jana aliweza kuamka leo akafungua duka la kuchapa barua.

Mwenye duka alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu mwenye malori kadhaa, nasi tulimwita Hajji. Mpiga chapa alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Ludewa, si mbali na Liganga. Alichapa kwenye ofisi ya serikali kwa miaka mingi, hadi wafanyakazi walipopunguzwa naye akawa miongoni mwao. Vidole vyake havikutazama kibodi hata siku moja. Alipoketi kuchapa, mgongo ulinyooka kama wa mtu aliye kanisani, na macho yalikuwa kwenye skrini tu.

Makambako ni mji wa upepo na vumbi, na ni njia panda: wapitao ni wengi kuliko wakaao. Kwa sababu ya vumbi na wapitaji hao, Hajji alimwagiza seremala atengeneze sanduku la mninga lenye matundu ya hewa. Sanduku likakazwa kwa boliti kwenye sakafu, kona ya nyuma kabisa, na kompyuta ikafungiwa humo kwa kufuli. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Skrini na kibodi vilikuwa juu ya meza karibu na dirisha, ambako mpiga chapa alipata mwanga. Waya wa skrini haukufika kutoka sanduku hadi mezani, basi miaka miwili kabla ya kisa hiki nilikata waya wa skrini nyingine iliyokufa, nikauunga na kipande chenye tundu la kupokea waya wa asili, ili uurefushe. Niliunga rangi kwa rangi, nikafunga kwa utepe mweusi wa umeme. Picha ikaja. Nilijisifu wiki nzima.

Mabadiliko yalianza Hajji alipotaka kalenda. Alikuwa amenunua lori jingine, akataka picha yake iwe juu ya miezi kumi na miwili. Lakini kadi ya picha iliyokuwa ndani ya kompyuta, yaani kile kibao kidogo kinachoipelekea skrini kitu cha kuonyesha, ilikuwa ya zamani na rangi zake zilikuwa chache. Lori jipya lilionekana kama limesilibwa udongo.

"Hili ndilo lori langu?" Hajji aliuliza. "Hili ni la marehemu."

Shemeji yake wa Dar es Salaam akanunua kadi mpya, akaituma kwa lori. Ilifika imefungwa gazeti, gazeti limefungwa khanga, na pamoja nayo flopi moja. Jumamosi iliyofuata Hajji alifungua sanduku, nikatoa kadi ya zamani, nikachomeka mpya, nikawasha. Picha ikaja, lakini herufi zilikuwa kubwa kama za bango na rangi zilikuwa chache kuliko mwanzo.

"Umeiharibu," alisema Hajji.

"Bado. Kadi imeingia, ila kompyuta haijui kuongea nayo. Ni kama mgeni amekaribia mezani na hakuna anayejua lugha yake. Inahitaji mkalimani. Wenyewe wanamwita draiva."

"Madereva ninao sita. Chagua."

"Mpe yule wa lori bovu," mpiga chapa alidakia bila kugeuka. "Tangu mwezi uliopita anacheza bao tu."

Nilitia flopi, nikamweka huyo mkalimani ndani ya kompyuta, na baada ya kuzima na kuwasha rangi zikafunguka. Kompyuta ikaniuliza nataka nukta ngapi kwenye skrini: chache, za kati, au nyingi. Nukta zikiwa nyingi, vitu huwa vidogo lakini nafasi huwa kubwa. Nilichagua nyingi kabisa. Kwa nini mtu aletewe kadi mpya kutoka Dar es Salaam kisha aitumie nusu? Ukurasa mzima ukaonekana kwa mara moja, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, na lori la Hajji likang'aa kwa wekundu wake.

"Hata tope la tairi linaonekana!" Hajji aliita watu kutoka barabarani waje kuona tope.

Wiki mbili zikapita, ndipo likaja lile swali la tatu au nane. Jumamosi iliyofuata nilikuta watu wawili wamesimama mbele ya meza, katekista wa parokia moja ya Ludewa na mama aliyefuatana naye. Mikononi walikuwa na orodha ya watoto wa kipaimara, majina na tarehe za kuzaliwa na kubatizwa, iliyochapwa hapo dukani. Askofu alikuwa anakuja Jumapili ya wiki ya pili yake, na vyeti vilikuwa viandikwe kufuatana na orodha hiyo.

"Kwa karatasi yenu," alisema yule mama, "mwanangu alibatizwa miaka mitano kabla sijamzaa."

"Ndiyo imani hiyo," katekista akatania, lakini yeye mwenyewe hakucheka sana. Alikuwa amehesabu makosa kumi na moja.

Hajji aliwaomba radhi kwa adabu, akaahidi orodha safi Jumamosi ijayo. Walipotoka kwenda kula alisema bila kupandisha sauti, "Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini hawa wakirudi tena na makosa, itabidi nitafute mtu mwenye macho mapya."

Mpiga chapa aliitika, "Sawa, Hajji." Kisha akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa amesimama kwenye upepo, amejifunga kitenge hadi shingoni.

"Nimekwisha, Mwalimu," aliniambia. "Macho yamekwenda. Nilifikiri yatanisubiri wanangu wamalize shule."

"Umeyapima?"

"Jumatatu nilikwenda hospitali ya Ilembula. Wamenisomesha ubao wote, mpaka mstari wa chini kabisa. Wanasema sina tatizo."

"Sasa?"

"Sasa wananihurumia. Mtu mzima hawamwambii ukweli siku ya kwanza."

Maneno hayo niliyachukua kama mtu anayeokota kitu asichokijua na kukigeuza mkononi. Kwa nini wapimaji waone macho mazima na yeye aone ukungu? Na mimi je? Mimi nilikuwa kijana, na ile tatu niliiita nane.

"Mama, una Agano Jipya kwenye mkoba?"

Alikuwa nalo, lile dogo lenye maandishi kama punje za ulezi. Nikamwambia arudi kwenye kiti chake na alishike mbali kama skrini ilivyo mbali. Akasoma mistari mitatu bila kukwama, kisha akanitazama.

"Basi macho hayana kosa," nikasema. "Kosa liko upande wa pili wa meza."

Nilimshuku mkalimani kwanza, yaani draiva. Nikamtoa, kompyuta ikarudia ile hali ya mwanzo ya rangi chache, na papo hapo herufi zikawa safi. Tatu ilikuwa tatu. Nilipiga meza kwa furaha. Hajji akampigia shemeji simu, akamwambia flopi aliyouziwa ni mbovu. Flopi nyingine ilifika kwa lori Alhamisi, na Jumamosi nilikuwa dukani kabla hawajamaliza kufagia.

Nilimweka draiva mpya. Rangi zikafunguka, lori likang'aa. Na ukungu ukarudi vilevile.

Niliketi nimeshika shavu. Katekista alikuwa njiani anakuja, na gari la kurudi Ludewa lilikuwa liondoke saa nane mchana. Tungeweza kuchapa kwa zile rangi chache, lakini katika hali hiyo printa ilikuwa inatema karatasi nusu nusu, nilikuwa nimeshajaribu.

"Mwalimu," mpiga chapa alisema taratibu, "naomba kuuliza kitu cha kijinga."

"Uliza."

"Ulipomtoa huyo draiva, herufi zilikuwa safi. Lakini pia zilikuwa kubwa. Sasa, zilisafika kwa sababu ya draiva, au kwa sababu ya ukubwa?"

Kila muhula niliwaambia wanafunzi wangu maabara: badilisha kitu kimoja, acha vingine, kisha utazame. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimekujibu. Sasa mtu ambaye hajawahi kuingia maabara yangu alikuwa ananikumbusha. Nilimwacha draiva palepale, nikapunguza nukta tu. Herufi zikakua, ukungu ukapungua. Nikapunguza tena. Zikawa karibu safi.

"Siyo draiva," nikasema. "Tumemsingizia."

"Kuna kingine," aliendelea, sasa amesogea mbele ya kiti. "Huu siyo ukungu, ni kivuli. Mwezi mzima nimeutazama. Kila herufi ina kivuli upande wa kulia. Kushoto hakuna."

Nilikuwa na lenzi ya maabara kwenye mfuko wa koti, kama ilivyo kwa walimu wa fizikia ambao kabati lao halina kitasa. Nikarudisha nukta nyingi, nikaiweka lenzi kwenye kioo. Alikuwa sahihi. Kila mguu wa herufi ulikuwa na pacha wake hafifu, umesogea kidogo kulia. Tatu iliangukiwa upande wa kushoto na kivuli cha tarakimu iliyoitangulia, ikawa nane. Tulifunga pazia, tukageuza skrini ielekee ukutani, tukaigeuza tena. Kivuli kilibaki kulia.

Ni kivuli gani hiki kisichojali mwanga unatoka wapi?

Humo ndani ya skrini ya aina ile, picha huchorwa kama tunavyoandika: mstari mmoja, kushoto kwenda kulia, kisha wa chini yake. Kwa hiyo kilicho kulia ndicho kilichochelewa. Kile kivuli hakikuwa kivuli hata kidogo. Ilikuwa herufi ileile, imefika mara ya pili.

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Kwetu ni vilima na mabonde, na nyumba ya bibi ilikuwa ng'ambo ya bonde letu. Mama alipotaka kumwita alisimama ukingoni akatoa neno moja, akangoja. Neno lilikwenda, likagonga kilima, likarudi, likafa. Ndipo alipotoa la pili. Tulipokuwa watoto tuliita haraka haraka, maneno manne kwa mkupuo, na bibi alisikia fujo tu, kwa sababu neno la pili lilikutana njiani na mwangwi wa la kwanza. Watu wa kwetu wote huita vile, neno na kimya, neno na kimya. Nukta chache ni mama anaita. Nukta nyingi ni sisi watoto.

Nilimweleza mpiga chapa hivyo. Akaitikia kwa kichwa. "Hata kwetu tunaita hivyo. Lakini mwangwi unataka kilima. Hapa kilima kiko wapi?"

Niliufuata waya kwa macho, kutoka skrini, chini ya meza, kando ya ukuta, hadi kwenye sanduku. Katikati ya njia kulikuwa na uvimbe mmoja mweusi wa utepe. Kadi nilikuwa nimeishuku, na draiva, na flopi, na shemeji wa watu, na hata macho ya mama wa watu nilikuwa nimeyashuku. Pale mahali pamoja sikupashuku, kwa sababu palikuwa kazi ya mikono yangu.

"Hajji yuko wapi na ufunguo?"

Alikuwa msikitini. Tulingoja. Katekista alifika, akasalimu, akakaa kwenye benchi na saa yake. Hajji alipoingia nilimwomba afungue sanduku, nikaibeba skrini nikaiweka chini sakafuni, nikauchomeka waya wake wa asili moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kiungo changu. Nikawasha, nukta zote.

Mpiga chapa alipiga magoti kwenye saruji, akasogeza uso.

"Tatu," alisoma. "Nane. Nane. Tatu. Sita." Kisha, kwa sauti ya mtu anayemsalimia ndugu aliyepotea, "Kamwene!"

Niliufungua utepe mbele yao. Ndani, kila waya wa rangi ulikuwa umeunganishwa vizuri na mwenzake. Lakini kiwandani kila waya huo huja umevikwa wavu wa shaba laini, na wavu huo nilikuwa nimeumenya na kuutupa pande zote mbili, kama mtu anavyomenya muhindi kabla ya kuuchoma. Nilidhani ni ganda. Kumbe ndio ulinzi wa njia nzima, na ulipokatika, ishara iligonga pale kama sauti inavyogonga kilima, sehemu yake ikarudi nyuma, kisha ikaja tena imechelewa. Kadi ya zamani ilitoa maneno machache taratibu, hakuna aliyegundua. Mpya ilikuja na mkupuo.

"Hajji," nikasema, "kosa ni langu. La miaka miwili. Siyo la shemeji, wala la huyu mama."

Hajji alikichukua kile kiungo, akakigeuza. "Kwa hiyo mimi nilitaka kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ganda la muhindi?"

Akakiweka mezani.

"Dada," alimwambia mpiga chapa, "nisamehe."

"Nimesamehe. Nipe mkeka."

"Mkeka wa nini?"

"Waya haufiki mezani, na sanduku umelikaza sakafuni kama kaburi. Nitachapia hapa chini. Katekista, hebu soma."

Mkeka ukaja. Alikaa ameinyoosha miguu chini ya kitenge, kibodi mapajani, skrini mbele yake kama jiko la mkaa. Katekista alimsomea majina na tarehe, naye alichapa macho mbele, mgongo umenyooka kama kawaida. Kisha aliisoma orodha nzima kutoka kwenye skrini, kwa sauti, na katekista akafuata kwa kidole kwenye daftari la ubatizo. Walipofika kwa yule mtoto aliyebatizwa kabla ya kuzaliwa, katekista alisema, "Huyu sasa amezaliwa kwanza," akaweka alama. Hapakuwa na kosa hata moja. Karatasi zilipata gari la saa nane.

Nilisafiri kurudi Njombe nimebeba kile kiungo mfukoni? Hapana. Nilikitafuta, sikukiona.

Wiki iliyofuata boliti zilikuwa zimefunguliwa na sanduku limehamia dirishani, chini ya meza, ambapo waya wa asili ulifika bila msaada wa mtu. Kufuli lilikuwepo bado, ila ufunguo ulikuwa shingoni mwa mpiga chapa, kwenye kamba moja na rozari yake. Alifanya kazi hapo miaka mingine mingi, hata baada ya mimi kuhamishwa.

Kile kiungo nilikiona tena. Siku moja nilimletea Hajji kipaza sauti nilichokirekebisha mwenyewe, nikaanza kueleza jinsi nilivyounga nyaya zake. Mpiga chapa alivuta droo, akatoa ule uvimbe wa utepe mweusi, akauweka mezani mbele yangu, akaendelea kuchapa.

Nilikaa chini, nikakifungua kipaza sauti upya.